Skrubu ya Wycliffe

Wycliffe amekufa. Jana mwenyekiti wa kikundi chetu cha simu, kile cha Wakenya wa zamani wa Dubai, alinipigia akaniomba nizungumze kwenye ibada ya kumkumbuka, pale ukumbini Deira, dakika tatu tu. "Mama Nafula, wewe ulifanya kazi naye. Sema mema. Ile hadithi ya skrubu usiiguse. Tunajua alikuwa na uzembe wa hapa na pale, lakini marehemu hasemwi." Nikamwambia sawa. Halafu nikakaa kitandani kwangu, chumba cha watu sita, wenzangu wameenda zamu, nikaona siwezi. Si kwamba nataka kumtukana maiti. Ni kwamba huo uzembe ni uongo, na uongo wenyewe una sahihi yangu chini yake. Wycliffe hakusahau skrubu hata moja maisha yake yote. Alikuwa mtu wa kupanga spana kwa urefu, kama watoto wa shule kwenye gwaride, na ukiichukua moja akiwa msalani alikuwa akirudi anajua. Kwa hiyo dakika tatu hazitoshi na ukumbi haunifai. Nimeamua kuandika. Shule niliachia darasa la sita, mtaniwia radhi kwa mkono wangu, lakini kumbukumbu zangu hazikuacha shule.

Mambo ya kwetu na ya jinsi nilivyofika huku sitayasema. Kila mtu ana hadithi yake ya ajenti na zote zinafanana. Naanzia kwenye yadi, mwaka ule nilipokuwa na miaka thelathini na moja. Yadi ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Hatta, mahali ambapo mchanga unaanza kuwa mwekundu: makontena matatu, hema moja la wateja lenye feni na makochi, na nyuma yake uwanja wa pikipiki, vilima na makona yaliyochongwa kwa trekta. Mwenye leseni ya biashara alikuwa arbab mmoja, bwana wa Kiarabu, ambaye nilimwona mara mbili, na mara zote mbili hakushuka garini. Aliyeendesha mambo alikuwa Sir Ian, mzungu mrefu aliyewahi kushindana kwao, sasa anafundisha watu wa maofisini kurukia vilima siku ya Ijumaa. Fundi mkuu, na msimamizi wetu sisi weusi, alikuwa Wycliffe. Mimi nilikuwa wa kuosha. Pikipiki ikitoka uwanjani imejaa mchanga mpaka kwenye mnyororo, naipiga maji ya presha, nafuta, napaka mafuta, nairudisha kontenani. Tulipika pamoja, Wycliffe na mimi, kwenye jiko la gesi nyuma ya kontena la pili: ugali, spinachi kwa sababu sukuma wiki ilikuwa ghali, na dagaa ambao Sir Ian aliwakataza wasikaangwe wateja wakiwepo. Tuliwakaanga asubuhi mapema, kabla wateja hawajafika. Harufu ilibaki kwenye nguo zangu siku nzima na nilikuwa nampitia Sir Ian karibu kwa makusudi.

Kusukuma pikipiki kwenye mchanga ni adhabu. Kutoka penye maji hadi kontenani ni hatua mia, na kila pikipiki ina kilo mia. Wiki ya pili Wycliffe alinitazama nikivuja jasho, akatema mbegu ya tende. "Wewe mama, huoni ina injini?" Akanionyesha kluchi, gia, breki. Nilianguka mara nne na kila nikianguka aliikimbilia pikipiki kwanza. "Wewe utapona," aliniambia. "Hii ina mwenyewe." Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa naendesha kila iliyooshwa, nikasimama kwenye vikanyagio kama wanavyofanya wao. Hapo ndipo alipopata wazo lililonitengeneza na likaja kumharibu yeye.

Injini mpya haiendeshwi kwa fujo. Inazoeshwa. Unaizungusha polepole saa kadhaa, unaipumzisha, unaizungusha tena, mpaka vyuma vya ndani vikubaliane. Wateja hawakuwa na subira hiyo, wanalipa leo wanataka kuruka leo. Kwa hiyo kila pikipiki mpya ilizoeshwa na sisi, na Wycliffe mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Alitengeneza skrubu fupi, akaitobolea mahali pake kwenye mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, kiasi kwamba ukizungusha mkono unafika nusu, unagonga chuma, basi. "Hapo ndipo mwisho wako, mama. Hata ukimwita Yesu, haizidi hapo." Nikawa wa kuzoesha injini. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, kabla jua halijawa adui, niko peke yangu uwanjani, nusu ya mafuta, nazunguka. Miezi saba. Hesabu mwenyewe asubuhi hizo.

Watu wa pikipiki wananielewa nikisema jambo hili, na wengine nitawaeleza. Kwenye mchanga, mwenye mafuta yote akikosea kona anafungua mkono, tairi linatapika mchanga nyuma, anatoka. Mimi nikikosea sikuwa na cha kufungua. Tairi la mbele lilizama, nikabaki pale nasukuma. Kwa hiyo nilijifunza kutokosea. Nilijifunza kwamba kona inaingiwa kwa upande wa nje, pale mchanga umeshikana kwa maji ya trekta. Nilijifunza kukaa nyuma, kutazama mbali, kutogusa breki kabisa, maana mwendo ukiupoteza hapa hakuna atakayekurudishia. Wycliffe alikuwa akikaa juu ya ndoo na chai yake ya rangi, ananisikiliza, hanitazami. "Umefunga mafuta kona ya tatu," alikuwa akisema. "Nimesikia." Hakunisifu hata siku moja. Alinipa jina tu, Nusu, na yadi nzima ikalichukua.

Kila wiki nilipeleka suruali za wateja zilizochanika magoti kwa Bi Zuhura, Deira, ghorofa ya tatu nyuma ya maduka ya jumla. Alikuwa mama wa Kiunguja aliyezaliwa Mkunazini na kuhamia huku zamani sana, mume ameshafariki, cherehani yake ya chuma inashona hata ngozi. Chumba chake kilinukia udi na mkate wa kumimina. Alikuwa ananipa bilauri ya chai ya maziwa kabla sijaongea. "Kaa kitako, mwanangu. Hizi suruali za wanaume wazima kutambaa mchangani, ati ndiyo starehe?" Nikamwambia mimi pia naendesha. Akasimamisha cherehani. "Weye?" Akanitazama kutoka miguuni. "Basi n'tie kiraka cha ngozi kwenye suruali yako nawe. Ukianguka uanguke kistaarabu." Akanishonea suruali kutoka kwenye mabaki ya wateja watatu, goti moja bluu, jingine jekundu. Niliivaa misimu mitatu.

Mnaodhani Sir Ian aliniingiza kwenye mashindano kwa sababu aliona kipaji, acheni. Klabu ya mashindano ilikuwa na sheria yake: kundi la wanaoanza lisipotimia watu kumi na watano, halishindani. Wateja wake wanane walikuwa wameshanunua mavazi na wameshaalika wake zao. Idadi haikutimia. Sir Ian akazunguka yadi anatafuta vichwa vya kujaza, akampata dereva wa trekta, akampata mpishi wa jirani aliyewahi kuendesha pikipiki kwao, akanipata mimi. Aliandika barua kwamba kampuni haina kipingamizi, arbab akapiga muhuri bila kuuliza, nikapimwa macho na moyo, nikapewa kadi yenye picha yangu. Mwendeshaji. Jina langu lote, Nafula na la baba na la babu. Niliishika ile kadi kwenye basi njia nzima. Kila karatasi nyingine niliyokuwa nayo Dubai ilisema mimi ni wa nani. Hii ilisema mimi nafanya nini. Sikutaka kujaza idadi. Nilitaka kushindana.

Pikipiki niliyopewa ilikuwa ile ile niliyokuwa naizoesha, bado ina skrubu. "Ijumaa asubuhi naitoa," Wycliffe aliniahidi. Alhamisi mchana nilikuwa napanga maji kwenye barafu nyuma ya hema, nikamsikia Sir Ian upande wa pili akimwambia, "Wateja wangu kesho warudi nyumbani wamefurahi. Umenielewa, Wycliffe?" Nikasikia spana ikiwekwa chini. "Umenielewa?" "Yes, sir." Nikadhani ni mambo ya maji na taulo. Wallahi, kama alivyokuwa akiapa Bi Zuhura, nilikwenda nikaongeza katoni mbili za maji. Mtumishi ukizoea kutumika, hata ukisikia kisu kinanolewa unadhani ni cha kukatia nyama ya wageni.

Ijumaa asubuhi Wycliffe aliitoa skrubu mbele ya macho yangu. Niliiona kiganjani mwake. Akanambia niende nikavae, yeye ataipasha injini moto na kuileta mstarini, ndivyo ilivyofanyika kwa wateja wote, nami nikajiona mkubwa, naletewa pikipiki kama wao. Tulikuwa kumi na saba mbele ya geti la chuma la kuanzia mbio. Geti likaanguka, nikazungusha mkono, ukafika nusu, ukagonga chuma.

Nataka mjue hali ilivyokuwa. Watu kumi na sita wananipita, mchanga wao unanigonga kifuani kama mawe, na mimi nimekaba ule mkono kana kwamba nguvu za kiganja zitavunja chuma. Nikawa wa mwisho kwenye kona ya kwanza. Nikawaza kutoka, kuinua mkono, kulia hata. Halafu nikaona makona. Wale wote, na mafuta yao yote, waliingia ndani, wakashika breki, wakazama, wakafungua, wakarukaruka kama mbuzi waliofungwa pamoja. Nje, kule nilikozunguka miezi saba, palikuwa tupu. Nikapita wanne. Kwenye vilima wawili walinipita tena, maana nusu haikurushi mbali, unaangukia tumboni mwa kilima na uti wa mgongo unalia. Kwenye kona nikawachukua tena. Mzunguko wa tatu nilimpita mteja mmoja wa Sir Ian karibu kiasi cha kumsikia akitukana. Nilimaliza wa sita.

Sheria nyingine ya klabu ni kwamba pikipiki sita za kwanza hukaguliwa. Kama ningemaliza wa saba, nisingekuwa na hadithi. Mkaguzi alizungusha mkono wa mafuta, ukagonga, akanitazama, akazungusha tena. Akasema hiyo ni hatari, mtu anaangukia katikati ya vilima na wenzake wako nyuma yake hewani. Akauliza nani ameitengeneza pikipiki hii. Sir Ian alikuwa amekuja mbio, uso mweupe safi. Akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Ndiyo, nani ameitengeneza hii?" Nikanyoosha kidole. Sikungoja. "Wycliffe." Wycliffe alimtazama Sir Ian, si mimi. Sir Ian alikuwa anatazama skrubu.

Nyuma ya kontena nilimkamata kola. "Mtu wa kwetu! Umenifanyia hivi, mtu wa kwetu?" Hakujitetea kwa mikono. "Aliniagiza, Nafula. Tangu jana. Wateja wasiaibishwe na mwosha pikipiki."

"Na wewe huna mdomo?"

"Nina watoto watatu shuleni. Mdomo ninao wa kuwalisha." Akashusha sauti. "Nilijua utamaliza wa mwisho, tucheke kidogo, yaishe. Nani alijua utamaliza wa sita na nusu ya mafuta? Hata mimi sikujua, na mimi ndiye nimekufundisha." Na hapo, mjinga yule, alitabasamu. Kofi nililompiga lilisikika hemani.

Jumamosi nilikwenda Deira. Bi Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia wali na samaki wa kupaka ambao sikuweza kuumeza. "Aliyetumwa na aliyetuma si sawa, mwanangu. Lakini utaletewa karatasi ya kutia sahihi weye. Nawajua. Usitie mkono wako kwenye jambo la watu." Nikamuuliza atajuaje. Akasema, "Miye niko hapa tangu kabla ya hayo maghorofa. Karatasi huja."

Ikaja Jumapili. Sir Ian alinikalisha kwenye kiti cha wateja, mara ya kwanza na ya mwisho, akanisomea: kwamba fundi kwa uzembe alisahau kutoa kifaa cha kuzoeshea injini. Basi. Akanambia klabu itafunga jambo hilo nikikubali. Nikamwambia Wycliffe ameniambia ukweli. Hakushtuka. "Unaweza kusema hivyo kwao," alijibu taratibu. "Litakuwa neno lako na langu. Na barua ya leseni yako nimeandika mimi, naweza kuandika nyingine. Au unatia sahihi, na baada ya wiki tatu unashindana tena. Mafuta yote. Naapa." Akaweka kalamu juu ya karatasi.

Watu wa kikundi wamekuwa wakinung'unika miaka yote hii kwamba nilimtaja ndugu yangu, akafukuzwa. Hamjui hata nusu yake. Kumtaja pale uwanjani sikuoni kosa mpaka leo, mkono ulioikaza skrubu ulikuwa wake. Kosa ni hili la ofisini, na hakuna aliyeniona. Sitasema nilitishwa. Nilikuwa nimeshatishwa Dubai hii na watu wakali kuliko Ian na sikutia sahihi. Sitasema sikuelewa Kiingereza. Nilielewa kila neno. Nilitaka kuendesha ile pikipiki, mkono ukizunguka mpaka mwisho, jina langu kwenye karatasi ya matokeo, sijazi idadi ya mtu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka haki ya Wycliffe. Nikatia sahihi, kwa herufi kubwa, kama wanavyoandika wasiosoma. Haya, wenye hatia ni watatu, na nawataja. Ian aliyeagiza. Wycliffe aliyetii. Nafula aliyeandika kwamba ni bahati mbaya. Mwenyekiti, hiyo ndiyo hotuba yangu.

Khalas, ndiyo basi tena, viza yake ilifutwa. Siku anaondoka nilikuwa naosha, nimejifanya kuzama kwenye kazi, na mpira wa pili wa maji ulikuwa umefunguka unamwaga mchangani bure. Alipita na begi lake. Aliinama, akafunga bomba, akaenda barabarani kungoja gari.

Wiki tatu baadaye tulikuwa kumi na sita. Fundi mpya aliikagua pikipiki mbele yangu, nami nikazungusha mkono mara ishirini kabla ya geti, mpaka wa pembeni akaniuliza kama niko mzima. Geti likaanguka nikafungua yote. Sikuwahi kufungua yote maishani. Ile pikipiki ilinitoka chini yangu kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki. Tairi la nyuma lilichimba, la mbele likapanda, kona nilizozijua kama kuta za chumba changu zikaja haraka kuliko macho, nikashika breki, mimi, nikazama kama wao. Mzunguko wa pili niliruka kilima kirefu nikatua ubavuni. Nilisikia bega likitoa mlio. Niliinuka, nikaiinua, nikaendelea, bega hili hili ambalo leo nikibadilisha shati la ulinzi kule maghala ya uwanja wa ndege linanikumbusha. Nilimaliza wa kumi na moja. Sir Ian alikuwa penye ubao wa matokeo na glasi yake. "Unaona, Nusu? Skrubu ilikufaa zaidi." Wateja wakacheka. Nikamwambia jina langu limeandikwa pale ubaoni, alisome. Hakulisoma. Niliendesha misimu miwili zaidi na hakuna mwaka nilioshinda chochote, na kila mara alipokuwa akiniita Nusu sikugeuka, mpaka akaacha.

Jioni ile ya wa kumi na moja, bega limefungwa kitambaa, simu ilinibipu, namba ya nyumbani. Nikanunua kadi ya simu nikapiga. Ilikuwa ni Wycliffe, nyuma yake kuku na watoto.

"Karatasi ulitia sahihi," alisema. Hakuuliza.

"Nilitia."

Mtoto mmoja akamwita, akamfukuza, kadi inakwenda. Halafu akauliza, "Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

"Ulifungua yote?"

"Yote."

"Pumbavu. Hujaizoea. Unafungua robo tatu kwanza, mwezi mzima, halafu ndiyo unamalizia." Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha juu ya ndoo, lakini kilikatika katikati. "Kumi na moja! Nafula, si angalau ungeshinda? Umenirudisha nyumbani kwa namba kumi na moja?"

"Eee," nikamwambia. "Kwa namba kumi na moja. Ni yangu."